Jenga kiunzi chako cha violesura: mwongozo kamili, kutoka mstatili wa kwanza hadi mwaloni Kirumba

Vijana ninaokutana nao Jumamosi hapa Nyegezi, Mwanza, wanakwama mahali pamoja. Mtu anaanza kujenga kiunzi chake cha violesura, ile fremuweki ya kuchorea skrini, ili programu moja iende kwenye Windows, Linux, Android na kivinjari. Wiki ya kwanza ana kitufe chenye kona za mviringo na kivuli. Mwezi wa pili ana vitufe sita na menyu. Mwezi wa tatu anaiweka kwenye simu kwa mara ya kwanza: maandishi madogo kama mbegu za mchicha, kidole hakikamati kitu, kibodi imefunika nusu ya fomu. Anahangaika wiki mbili, kisha folda inabaki pale bila kufunguliwa tena.

Siku hizi nawauliza swali moja tu kabla ya kuangalia msimbo: simu umeanza kuijaribu lini? Jibu karibu kila mara ni "bado".

Kitufe ndicho kitu cha mwisho kujengwa. Kazi halisi ya kiunzi ni mambo manne: kupata eneo la kuchora, kugawa nafasi, kumfikishia mguso anayehusika, na kujua nini kimebadilika. Hayo yakikaa sawa, kitufe ni mistari thelathini au arobaini ya msimbo. Yasipokaa sawa, hakuna kivuli kitakachokuokoa.

Mfano tutakaoubeba mwanzo hadi mwisho ni skrini moja: daftari la mnunuzi wa dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa hapa Mwanza. Kuna orodha ya wauzaji, idadi ya magunia, bei, na jumla. Nimeuchagua kwa sababu unadai mambo magumu yote kwa pamoja: majina, tarakimu, orodha ndefu, kidole chenye maji na jua la saa saba mchana.

## Kwanza, jua unachojenga

Kuna njia mbili za kufika kwenye majukwaa mengi. Ya kwanza ni kuomba kila mfumo ukuchoree vitu vyake wenyewe, kama React Native inavyofanya. Ya pili ni kuchora kila pikseli mwenyewe, kama Flutter. Tunafuata ya pili, kwa sababu sheria za mpangilio unaziandika mara moja tu na matokeo yanafanana kila mahali.

Gharama yake uijue mapema. Kibodi, kuchagua maandishi, kunakili na kubandika, na msomaji wa skrini kwa wasioona, vyote vinakuwa jukumu lako.

Kama una mteja anayetaka programu mwezi ujao, tumia Flutter na umalize kazi yake. Kiunzi cha majaribio ni cha kujifunzia, au cha kazi ambayo viunzi vilivyopo havikufai.

## Vifaa

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8. GB 4 inawezekana, ila zana za Android zitakuchosha.
- Simu ya Android ya bei ndogo, ikiwezekana ya miaka mitano nyuma, na waya wa USB unaopitisha data. Baadhi ya waya za kuchajia hazipitishi.
- Kikompaila cha lugha ya C (GCC au Clang) na CMake, zana ya kuunganisha mafaili ya mradi.
- SDL toleo la 3. Hii ni maktaba ya kufungua madirisha na kupokea miguso kwenye mifumo mingi, na leseni yake ya zlib inakuruhusu kuitumia hata kwenye kazi ya biashara. Toleo lake imara la kwanza, 3.2.0, lilitoka Januari 2025.
- Faili moja la `stb_truetype.h` la kusomea fonti, pamoja na fonti ya Noto Sans.
- Android Studio na NDK (zana za kupeleka msimbo wa C kwenye Android). Vipakue mahali penye Wi-Fi ya uhakika, maana ni gigabaiti kadhaa na bando litaisha katikati.
- Git, hata kama kazi inabaki kwenye mashine yako. Umeme ukikatika katikati ya mabadiliko, utataka kurudi ulikotoka.

iPhone iache kwanza. Kuijengea programu kunahitaji Mac yenye Xcode, na mtu asiye nayo atapoteza mwezi akitafuta njia ya mkato. Mpangilio wa hatua hizi hautakufungia mlango siku ukiipata.

## Hatua ya 1: Chora skrini moja kwenye karatasi

Chukua karatasi, chora skrini ya daftari la dagaa kwa kalamu, kisha andika pembeni kila kitu ambacho kiunzi kitalazimika kujua kufanya ili skrini hiyo ifanye kazi. Yangu ilikuwa na mambo tisa: mstatili, maandishi, safu mlalo, safu wima, nafasi ya pembeni, kusogeza orodha, kitufe, kisanduku cha kuandikia, na picha moja.

Kisichokuwa kwenye karatasi hakijengwi. Uhuishaji, mandhari ya usiku na kona za mviringo vinasubiri.

Umefaulu pale mwenzako anapoitazama karatasi na kukuambia mwenyewe atagusa wapi ili kuongeza gunia.

## Hatua ya 2: Weka mlango mwembamba kati yako na mfumo

Hapa ndipo wengi wanapojifunga. Wanaita funksheni za SDL kila mahali, ndani ya kitufe, ndani ya orodha, ndani ya fomu. Siku ya kwenda kwenye kivinjari wanakuta kila faili linahitaji kuguswa.

Andika faili moja, na liwe peke yake linaloijua SDL. Vingine vyote vipite kwenye mlango huu:

```c
void  mlango_fungua(const char *jina, int upana, int kimo);
int   mlango_tukio(Tukio *t);
void  mlango_mstatili(Eneo e, Rangi r);
void  mlango_picha(Picha *p, Eneo kutoka, Eneo kwenda);
void  mlango_kata(Eneo e);
float mlango_mizani(void);
void  mlango_onyesha(void);
```

Funksheni saba. Ukijikuta na ishirini, kuna kazi ya kiunzi iliyovuja ikaingia mlangoni. `mlango_kata` inazuia kuchora nje ya eneo fulani, na bila hiyo orodha inayosogezwa itapanda juu ya kichwa cha ukurasa.

Jambo lingine la kufanya leo na si kesho: mzunguko mkuu wa programu uuweke ndani ya funksheni yake, tuiite `hatua_moja()`. Kwenye kompyuta na simu utaiita ndani ya `while`. Kivinjari hakikubali mzunguko usioisha, kwa hiyo huko utamkabidhi yeye funksheni hiyo aiite kwa muda wake.

Tahadhari. Usisonge mbele kabla ya simu. Najua kuunganisha SDL na mradi wa Android kunaudhi. Kulinichukua siku mbili nzima mara ya kwanza, nyingi zikiishia kwenye matoleo ya NDK yasiyopatana. Bado ni nafuu kuliko kukutana na hilo mwezi wa tatu ukiwa na maelfu ya mistari.

Umefaulu ukiwa na mstatili mmoja wa buluu unaoonekana kwenye laptopu na kwenye simu, kutoka msimbo uleule, bila `#ifdef` (sharti la kubadili msimbo kwa kila mfumo) hata moja nje ya faili la mlango.

## Hatua ya 3: Acha kupima kwa pikseli

Kitufe cha pikseli 48 kwenye skrini ya laptopu kinatosha kidole. Kwenye simu yenye pikseli 480 kwa inchi, kitufe hichohicho ni sehemu moja ya kumi ya inchi, chini ya milimita tatu.

Tumia dp, kipimo cha Android ambacho dp 1 ni sehemu moja ya 160 ya inchi. Kanuni yake ni fupi (dpi ni idadi ya pikseli kwa inchi):

pikseli = dp × (dpi ÷ 160)

Kitufe cha dp 48 kinakuwa pikseli 72 kwenye skrini ya 240, na pikseli 96 kwenye skrini ya 320. Miongozo ya Android inapendekeza dp 48 iwe kiwango cha chini cha kitu kinachoguswa. Ishike namba hiyo kama sheria. Wanaotumia simu mwaloni wana vidole vilivyolowa na hawana muda wa kulenga.

Kiunzi kizima kifikiri kwa dp. Kugeuza kwenda pikseli kufanyike mlangoni tu, mara moja, wakati wa kuchora. Namba ya mizani SDL inakupa kupitia `SDL_GetWindowDisplayScale`.

Umefaulu ukiweka rula juu ya simu mbili tofauti na kukuta mstatili wa dp 48 una ukubwa unaokaribiana.

## Hatua ya 4: Jenga mti

Kila kitu kwenye skrini ni nodi, na nodi zina ukoo:

```c
typedef struct Nodi {
    int       aina;
    uint64_t  ufunguo;
    Eneo      eneo;
    const char *wadhifa, *maelezo;
    struct Nodi *mzazi, *mtoto, *ndugu;
} Nodi;
```

`mtoto` ni mtoto wa kwanza, na `ndugu` ni anayemfuata. Kwa viungo hivyo vitatu unaweza kutembea mti wote bila safu za kuongezwa na kupunguzwa ukubwa.

Sehemu za `wadhifa` na `maelezo` usiziruke. Unapochora pikseli mwenyewe, msomaji wa skrini wa Android haoni vitufe vyako. Anaona turubai moja tupu. Nodi ikijua tangu leo kwamba yeye ni "kitufe" na maelezo yake ni "Ongeza gunia", kuziunganisha taarifa hizo na mfumo ni kazi ya baadaye inayowezekana. Zisipokuwepo, utalazimika kurudi kwenye kila skrini uliyowahi kuandika. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu viunzi vingi vya majaribio huwasahau wasioona kabisa.

## Hatua ya 5: Gawa nafasi

Huu ndio moyo wa kazi. Kanuni ni hii: mipaka inashuka, vipimo vinapanda, mzazi ndiye anayeweka mahali.

Mzazi anamwambia mtoto: una upana usiozidi kiasi hiki na kimo kisichozidi kiasi hiki. Mtoto anawauliza wanawe vivyo hivyo, kisha anamrudishia mzazi kipimo chake. Mzazi anaamua mtoto akae wapi. Mtoto hajui yuko wapi kwenye skrini, na hapaswi kujua.

Kwa nini hivi? Kwa sababu mti unapitwa mara moja tu. Mtu akiandika kiunzi ambacho mtoto anaruhusiwa kumuuliza mzazi "wewe una upana gani?", mzazi naye anasubiri jibu la mtoto, kazi inarudiwa ngazi kwa ngazi na skrini inakuwa nzito.

Tufanye hesabu ya safu moja ya daftari letu. Skrini ina upana wa dp 360. Nafasi ya pembeni ni dp 16 kila upande, inabaki 328. Mwisho wa safu kuna kitufe cha "+" cha dp 48, na kabla yake pengo la dp 8. Pima kwanza vyenye ukubwa usiobadilika: 48 + 8 = 56. Kilichobaki, 272, mpe mwenye kunyumbuka, yaani jina la muuzaji. Ukianza na jina, jina refu litasukuma kitufe nje ya kioo.

Makosa mawili yanarudi kila mara.

La kwanza ni orodha inayosogezwa. Kimo cha ndani yake hakina mwisho, kwa hiyo mtoto anayesema "nipe kimo chote kilichobaki" anapata namba isiyo na mwisho na hesabu zote zinaharibika. Weka ukaguzi: kimo kisicho na mwisho kikikutana na mtoto wa kunyumbuka, programu isimame na kutaja nodi husika. Usikae kimya na kuweka sifuri, utaitafuta hitilafu hiyo usiku kucha.

La pili ni kukadiria vipimo. Gawa pikseli 100 kwa watatu, kila mmoja apate 33.33. Ukikadiria upana wa kila mmoja unapata 33 mara tatu, jumla 99, na mstari mwembamba wa rangi ya nyuma unachungulia pembeni. Kadiria kingo badala ya upana: 0, 33, 67, 100. Wa katikati anapata 34, na hakuna jicho litakalomwona.

Umefaulu ukivuta dirisha la laptopu kutoka upana mkubwa hadi mwembamba na kila kitu kinafuata bila kupishana wala kuacha mwanya.

## Hatua ya 6: Maandishi

Tenga muda mara mbili ya unaofikiri.

Anza na neno *ng'ombe*. Ukiliandika kwa alama ya kawaida ya kibodi, lina herufi 7 na baiti 7. Baadhi ya simu hubadilisha alama hiyo kuwa ’ iliyopinda, ambayo kwa UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi kwa baiti) ni baiti tatu: E2 80 99. Neno sasa lina herufi 7 zilezile lakini baiti 9. Kiunzi kinachohesabu baiti kama herufi kitakata neno katikati ya alama na kuchora vijisanduku. Majina ya Kisukuma yaliyojaa *ng'w* yatakuumbua siku ya kwanza mbele ya mteja.

Kwa hiyo andika funksheni moja inayosoma UTF-8 herufi kwa herufi, na kila sehemu ya kiunzi iitumie hiyo hiyo: kupima, kukata mstari, kusogeza kishale, kufuta.

Kisha pima upana kwa fonti, kamwe usizidishe idadi ya herufi kwa namba fulani. "ili" na "mwa" zina herufi tatu tatu, lakini upana wake haulingani. Mifano mingi ya mtandaoni ina vitufe vilivyokatiwa kipimo cha neno lenye herufi nne. Kwetu kitufe kinaandikwa "Hifadhi" au "Thibitisha malipo", na kipimo cha kukariri hakitoshi.

Kukata mistari kwa Kiswahili kunasamehe, kwani tunatenganisha maneno kwa nafasi. Kata kwenye nafasi ya mwisho inayotosha. Ila weka njia ya dharura: neno moja likizidi upana wote, kama *hawakuwasilishiana* kwenye safu nyembamba, likatwe kwenye herufi. Bila hiyo mzunguko wako utakwama ukitafuta nafasi isiyokuwepo.

Kwa kasi, usichore herufi upya kila fremu. Zichore mara moja kwenye picha moja kubwa, kisha nakili vipande. Picha ya pikseli 1,024 kwa 1,024 yenye baiti 4 kila pikseli inakula MB 4, na simu ndogo inaimudu. Mizani ya skrini ikibadilika, ifute na uijaze upya, la sivyo herufi zitakuwa na ukungu.

Ukitaka kuonyesha Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, `stb_truetype` haitakutosha, kwa kuwa herufi hizo hubadilika umbo kulingana na jirani zake. Hapo unahitaji HarfBuzz, maktaba ya kupanga maumbo ya herufi.

Tarakimu za bei zipange kulia, ziwe na mkato wa maelfu. 1,250,000 na 125,000 zikianzia kushoto, macho yanadanganyika.

Umefaulu ukiandika aya yenye *ng'ombe*, *ng’ombe* na jina refu kuliko safu, na hakuna kijisanduku wala herufi iliyotoka nje.

## Hatua ya 7: Miguso

Tukio likija, unatafuta nodi iliyoguswa. Tafuta kuanzia iliyochorwa mwisho, kwa sababu ndiyo iliyo juu. Ukianza na iliyochorwa kwanza, kidirisha kilichofunguka juu ya orodha kitapitisha miguso hadi chini.

Kidole kinaposhuka, nodi iliyokishika ibaki ndiyo mwenye mguso huo hadi kidole kinyanyuke. Kitendo kifanyike wakati wa kunyanyua, kidole kikiwa bado ndani ya eneo lake. Kidole kikisogea zaidi ya dp 8 kabla ya kunyanyuka, mtu anasogeza orodha; mnyang'anye kitufe mguso na umpe orodha. dp 8 ndicho kiwango Android yenyewe inachotumia.

Sasa hili nililipata kwa uchungu. Nilipeleka toleo la kwanza la daftari Kirumba kwa mama mmoja mnunuzi wa dagaa. Akagusa "+" mara moja, akaniita.

"Mwanangu, mimi nimepokea gunia moja. Mbona simu yako imeandika mawili?"

"Samahani mama, naomba niitazame."

"Itazame vizuri. Hapa nitamlipa mtu hela ambayo si yake."

Kwenye laptopu hitilafu haikuwahi kuonekana. SDL, isipoambiwa vinginevyo, hugeuza kila mguso wa kidole kuwa pia tukio la kipanya, ili programu za zamani zifanye kazi kwenye simu. Mimi nilikuwa nasikiliza yote mawili, kidole na kipanya, na kila mguso ulihesabiwa mara mbili. Dawa ni mstari mmoja kabla ya kufungua dirisha:

```c
SDL_SetHint(SDL_HINT_TOUCH_MOUSE_EVENTS, "0");
```

Kuna mtego wa pili hapohapo. Mahali pa kipanya SDL inapataja kwa vipimo vya dirisha, lakini mahali pa kidole inapataja kwa namba kati ya 0 na 1. Usipozidisha kwa upana na kimo cha dirisha, kila mguso utaangukia kona ya juu kushoto. Fanya ubadilishaji huo mlangoni, ili ndani ya kiunzi kuwe na aina moja tu ya mguso.

Tone la maji juu ya kioo nalo huweza kuhesabiwa kama kidole. Kila kidole kina namba yake. Kitufe kikishikwa na kidole kimoja, vingine vipuuzwe.

Umefaulu ukilowesha vidole, ukagusa "+" mara ishirini, na idadi ikasoma ishirini.

## Hatua ya 8: Jua kilichobadilika

Njia rahisi kwa mwandishi wa programu ni kuelezea skrini nzima upya kila data inapobadilika, na kiunzi kilinganishe maelezo mapya na mti uliopo. Nodi iliyofanana inabaki na hali yake, iliyokosekana inaondolewa, mpya inaongezwa.

Tenga hali mbili. Data ya biashara, kama magunia na bei, ni ya programu. Mahali kishale kilipo na orodha ilipofika ni vya nodi, na kiunzi ndicho kinachovitunza. Ukivichanganya, kila kulinganisha kutaondoa alichokuwa anaandika mtumiaji.

Kulinganisha kunategemea `ufunguo`. Chukua orodha ya wauzaji watano, unaandika bei ya wa tatu, na wakati huohuo wa kwanza anafutwa. Kama nodi zinatambuliwa kwa nafasi yake, wa tatu sasa ni yule aliyekuwa wa nne, na bei uliyokuwa unaandika inahamia kwa mtu mwingine. Hiyo ni hela ya mtu. Ufunguo uwe namba ya muuzaji kwenye kumbukumbu zako, usiwe nafasi yake kwenye orodha.

Maelezo mapya yaandikwe kwenye eneo moja la kumbukumbu unalolisafisha lote kwa mkupuo baada ya kulinganisha. Utaepuka mamia ya `malloc` na `free` (kuomba na kurudisha kumbukumbu), pamoja na uvujaji unaotokana nazo.

Umefaulu ukianza kuandika bei, ukamfuta muuzaji wa juu yake, na kishale kikabaki kwa mtu yuleyule.

## Hatua ya 9: Chora pale tu panapohitajika

Michezo huchora mara 60 kwa sekunde, kila fremu ikiwa na milisekunde 16.7. Daftari halihitaji hivyo. Tumia `SDL_WaitEvent` ili programu ilale hadi jambo litokee, na weka bendera moja inayosema skrini imechafuka. Bendera ikiwa chini, usichore. Simu ya mnunuzi inatoka nyumbani alfajiri na haipati chaja hadi jioni.

Orodha ndefu nayo usiijenge yote. Eneo la kimo cha dp 640 lenye safu za dp 56 linaonyesha safu 12 au 13 hata kama wauzaji ni 2,000. Jenga hizo na mbili za akiba kila upande.

Umefaulu ukiiacha programu wazi bila kuigusa na amri ya `top` ikaonyesha matumizi ya prosesa karibu na sifuri.

## Hatua ya 10: Iheshimu simu kama simu

Kibodi. Ita `SDL_StartTextInput` kisanduku kinapochaguliwa, na usome `SDL_EVENT_TEXT_INPUT`. Usikusanye herufi kutoka kubonyezwa kwa vitufe. Kibodi za simu hubashiri na kubadilisha neno zima. Kibodi ikipanda, sogeza kisanduku kiwe juu yake.

Kupigiwa simu. Mtu akipigiwa katikati ya kuandika, programu yako inaenda nyuma na Android inaweza kuiua bila kurudi kukuuliza. Hifadhi data wakati wa `SDL_EVENT_WILL_ENTER_BACKGROUND`, na uisikilize kwa `SDL_AddEventWatch`. Ukiisubiri kwenye mzunguko wa kawaida huenda mzunguko umeshasimamishwa.

Kukosa mtandao. Data iandikwe kwenye simu kwanza. Nimeijaribu yangu kwenye meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, nikiwa nimezima data kabisa tangu bandarini. Kama kuna skrini inayosubiri mtandao kabla ya kuchorwa, safari hiyo itakuonyesha.

Kivinjari. Emscripten itageuza msimbo wako wa C kuwa WebAssembly, msimbo ambao kivinjari kinaweza kuuendesha. Kama `hatua_moja()` uliitenga tangu hatua ya 2, hapa kazi ni ya siku moja.

## Hatua ya 11: Ipeleke mwaloni

Sasa jenga kitufe. Mstatili, maandishi, mguso, na rangi inayobadilika kikishikwa. Utashangaa kilivyo chepesi.

Chagua rangi kwa ajili ya jua. Viwango vya WCAG, vya kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti, vinataka maandishi ya kawaida yazidiane mwanga na mandhari kwa 4.5 kwa 1 angalau. Kwa mwaloni nenda 7 kwa 1 au zaidi. Kijivu juu ya kijivu hafifu kinachopendeza chumbani hakionekani kabisa mchana Kirumba.

Nenda na simu mbili, daftari na kalamu. Omba ruhusa, msalimie mtu vizuri, mpe simu na umwambie jambo moja: "Naomba uandike magunia matatu ya muuzaji huyu." Kisha nyamaza. Usimwelekeze kwa kidole wala kwa macho. Andika kila mara anapokosa kitufe, kila mara anaposita, na kila neno analolisoma kwa sauti akijiuliza.

Fanya hivyo kwa watu watano. Jioni panga makosa yako kwa hatua: kidole kukosa ni hatua ya 3, maandishi kukatika ni ya 5 au ya 6, idadi kuzidi ni ya 7, data kuhama ni ya 8. Anza na yenye namba ndogo, kwa kuwa zinazofuata zimesimama juu yake, na Jumamosi inayofuata urudi kwa watu walewale watano na toleo jipya.